Kulifufua au kuliuza: kutu nayo ina usemi wake

Kila aliyewahi kuliona lile gari kuukuu la Peugeot, lililosimama likiliwa na kutu, ana ushauri. Vijana husema lifufue, magari kama haya hayatengenezwi tena. Watu wazima wenye shughuli zao husema liuze upate nafasi. Mafundi husema "hii kazi ndogo tu", na fundi akisema hivyo kabla hajainama kuangalia chini, mimi hushika mfuko wangu. Aliyesema machache kuliko wote ni mwenye gari mwenyewe, shangazi yangu, aliyeliendesha mpaka macho yakaanza kumsumbua. Nilipomwuliza angependa lifanyweje, alinijibu: "Mwanangu, mimi nililipenda likiwa linakwenda. Hilo lililosimama ni la kutu. Fanya utakalo."

Gari lenyewe ni Peugeot 504 ya familia, ile ndefu yenye safu tatu za viti, ya mwishoni mwa miaka ya 1970. 504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina, kampuni ya usanifu wa magari ya Italia, na mwaka 1969 ikatangazwa Gari la Mwaka la Ulaya. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 3. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975, ikarudi kushinda mwaka 1978 ikiwa na umbo la coupé, yaani la milango miwili, na injini ya V6. Sifa hizo zimewafanya watu waamini kwamba ni gari lisilokufa. Lakini mashindano ya siku chache hupima shokapu, injini na moyo wa dereva. Hayapimi maji yaliyotuama miaka nenda miaka rudi ndani ya kizingiti cha mlango.

Basi nikajiwekea sharti: sitazungumzia thamani, wala kumbukumbu, wala rangi gani itapendeza, mpaka nijue kutu iko wapi. Wengi huanza kwa kuuliza kutu ni kiasi gani, na hapo ndipo hesabu zao zinapopinda. Boneti iliyotoboka kama chujio ni jambo la kufungua bolti chache na kutafuta boneti nyingine. Tundu dogo tu mahali ambapo shokapu ya mbele inashikilia bodi kwa juu ni habari nyingine kabisa.

Sababu ni hii. Land Rover za zamani zina chasisi, yaani fremu ya chuma inayojitegemea, na juu yake kumefungwa bodi ya aluminiamu. Kwenye Volkswagen Beetle nako bodi nzima hufunguliwa bolti ikanyanyuliwa kutoka kwenye sakafu yake. 504 yetu haina chasisi ya namna hiyo: bodi ndiyo fremu. Vizingiti vilivyo chini ya milango si urembo wa kukanyagia, ni maboksi marefu ya bati yaliyochomelewa ili yabebe uzito katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Vikioza, gari huanza kujikunja katikati, polepole, na wa kwanza kukuambia ni mlango unaohitaji kunyanyuliwa kidogo ndipo ufunge. Mlango wa dereva wa gari la shangazi ulikuwa umeanza kuomba kunyanyuliwa zamani. Sote tulidhani bawaba zimechoka.

Kutu ya magari haya hufanya kazi kama mchwa: inayoonekana nje ni ile iliyokwisha kumaliza kazi ndani. Maji huingia juu, kwenye raba za vioo na mifereji ya paa, yanateremka ndani ya nguzo na milango, kisha yanatafuta pa kutokea. Waliotengeneza gari waliacha vitundu chini kwa ajili hiyo. Vumbi na majani vikiziba vitundu, unabaki na boksi la bati lenye tope lisilokauka. Mahali ambapo bati mbili zimelaliana na kuchomelewa kwa vidoa, maji hujinyonya yenyewe katikati yake. Chuma kikigeuka kutu hujaa nafasi kubwa mara kadhaa kuliko kilipokuwa chuma, kwa hiyo bati zinasukumana, vidoa vya kuchomelea vinaachia, rangi inavimba. Ule uvimbe mdogo unaoukwaruza kwa ukucha siku ya kuosha gari una historia ndefu nyuma yake. Chumvi, ya bahari au ile inayomwagwa barabarani katika nchi za theluji, huharakisha yote haya kwa sababu inayafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, na kutu kimsingi ni kazi ya umeme mdogo. Katikati ya miaka ya 1970 Porsche walianza kutumia bati lililochovywa zinki kwenye bodi ya 911. Magari mengi ya rika la 504 yetu hayakupata bahati hiyo.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji mashine. Unahitaji sumaku ndogo, bisibisi kuukuu, jeki, tochi, na nguo usizozipenda. Sumaku ni ya kutafuta puti: ipitishe chini ya milango na juu ya matao ya magurudumu, na pale inapokataa kushika ujue unapapasa unga ulioganda, si chuma. Mpini wa bisibisi ni wa kugongea: chuma kizima hulia, kilichooza hujibu kwa sauti nzito iliyokufa. Ncha yake ni ya kusukumia, kwa nguvu ya mkono tu, kwenye vizingiti, kwenye sehemu za kuwekea jeki, kwenye sakafu chini ya zulia, kwenye kingo za buti, na kule juu chini ya boneti shokapu zilipojishikiza. Ukiwa na mwenye gari, mwombe ruhusa kwanza. Kuna urafiki mwingi uliokufa kwa tundu la bisibisi.

Halafu jeki. Kabla ya kunyanyua, funga mlango na uangalie mwanya ulioko kati yake na nguzo. Nyanyua upande mmoja, angalia tena. Mwanya ukibadilika, bodi haina mgongo. Wetu ulibadilika. Jeki yenyewe, badala ya kunyanyua gari, ilianza kuingia ndani ya kizingiti huku vipande vya rangi vikidondoka. Nikahamia kwenye mhimili wa nyuma, nikalitegemeza vizuri, nikafunua zulia la abiria. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: chini ya zulia kulikuwa na lami, chini ya lami kulikuwa na kipande cha bati kilichobandikwa na fundi wa zamani, na chini ya kile kipande niliiona ardhi.

Nikamwita fundi bodi ninayemwamini, mtu mzima asiyependa maneno. Akazunguka, akagonga, akalala chini, akainuka na kujifuta magoti. "Bosi, injini tutaongea. Huku pembeni hakuna chuma, kuna rangi tu." Vizingiti vyote viwili, nusu ya sakafu ya mbele, kona za buti. Sehemu za shokapu ziko salama, na hiyo ni habari njema sana. Zingekuwa zimeoza nisingeendelea kuandika makala, ningelitafutia mnunuzi wa chuma chakavu.

Injini, kwa kweli, tuliongea. Hapo ndipo gari hili linapokuwa na ukarimu. Injini za silinda nne za 504, ya cc 1,796 na ile ya cc 1,971, zina slivu, yaani mabomba ya ndani ya silinda, zinazotoka: silinda ikichoka unachomoa slivu na pistoni yake, unaingiza nyingine, bila kupeleka bloku nzima kuchongwa. Kwa gari lililosimama muda mrefu, kinachohitajika ni subira zaidi ya ujuzi. Usiguse ufunguo. Toa plagi zote, tia mafuta kidogo ya injini ndani ya kila silinda, yaache yanyonyeke, kisha zungusha injini kwa spana kwenye nati ya puli ya mbele, taratibu, ukisikiliza. Ikizunguka bila kugoma, mwaga petroli yote ya zamani, kwa sababu petroli iliyokaa huacha gundi kwenye tangi na kabureta. Badilisha mafuta na maji ya breki pia; maji ya breki hunyonya unyevu hewani, na ule unyevu ndio unaokula silinda za breki kutoka ndani. Matairi usiyatazame vina vya kukanyagia. Tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya ubavuni: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na jibu umeshalipata.

Nayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu watu wengi huamua kwa kusikiliza injini. Injini ikiwaka, moyo nao unawaka, na mtu anatoka pale akiapa kwamba gari ni zima. Injini ndiyo sehemu rahisi. Ina vipimo, ina vitabu, ina spea, na ikikushinda unaweza kuweka nyingine. Bodi ndiyo gari. Kazi ya vizingiti ni ya kukata kilichooza mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa, na kabla ya kukata unatakiwa uchomelee vyuma vya kushikilia mwanya wa milango, ufanye upande mmoja kwanza ukamilike, ndipo uende wa pili. Ukikata pande zote kwa pamoja gari linalala, na milango haitafunga tena maishani. Bati lenyewe ni jembamba, milimita moja au chini yake, kwa hiyo linachomelewa kwa nukta fupi fupi huku likipewa muda wa kupoa, la sivyo linakunjamana. Zile dawa za kugeuza kutu, zenye asidi ya fosforiki au tanini, zinafaa kwa kutu ya juu juu. Hazirudishi bati lililokwisha. Nimekutana na watu walionunua chupa wakidhani wamenunua kizingiti.

Sasa tuje kwenye pesa, bila kutaja bei ya mtu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Andika bei ya gari kama lilivyo, kisha makadirio ya bodi, rangi, breki, raba, viti, nyaya na nikeli, kisha ongeza nusu ya jumla hiyo, kwa sababu gari lililooza halijawahi kufichua kila kitu siku ya kwanza. Halafu ulizia bei ya 504 nzuri, iliyokwisha kutengenezwa, inayotembea. Mara nyingi sana ile nzuri ni rahisi kuliko ile unayotaka kuifikia. Gari lililofufuliwa huuzwa kwa bei ya soko. Risiti zako ni zako.

Hapo huwa anatokea mtu na hadithi ya mamilioni. Ni kweli, zipo. Februari 2015 huko Paris kulipigwa mnada wa magari ya familia ya Baillon, yaliyokaa miaka mingi kwenye vibanda yakiliwa na kutu na vumbi. Ferrari 250 GT California Spider iliyokutwa chini ya lundo la magazeti iliuzwa kwa zaidi ya euro milioni 16. Lakini Ferrari za aina ile ni chache za kuhesabika, na hii ya Baillon iliwahi kumilikiwa na mwigizaji Alain Delon. 504 zilitengenezwa zaidi ya milioni 3 na yetu iliwahi kumilikiwa na shangazi. Uchache ndio uliolipwa pale. Kutu haikulipwa.

Kuna mfano mwingine unaonivutia zaidi. Mwaka 2009 wazamiaji waliitoa Bugatti Brescia ya mwaka 1925 kwenye Ziwa Maggiore, ilikokuwa imezama tangu miaka ya 1930. Upande uliolalia tope ulihifadhika. Uliobaki uligeuka kuwa kamba za kutu. Mwaka uliofuata iliuzwa mnadani kwa euro 260,500 na kupelekwa makumbusho Marekani, ikaonyeshwa vilevile ilivyotoka majini. Mnunuzi aliona kwamba kuifufua kungekuwa kuifuta. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria lililoanzishwa mwaka 1966, nalo lina hati yake iitwayo Mkataba wa Turin, ya mwaka 2012, inayotanguliza kuhifadhi kabla ya kufufua: gusa kidogo iwezekanavyo, acha alama za maisha ya gari. Kwa shirikisho hilo gari la kihistoria ni lenye umri wa miaka 30 au zaidi, lililotunzwa katika hali yake halisi, na lisilo la kutumiwa kila siku.

Nilikaa na wazo hilo muda. Lilinipendeza, kwa sababu rangi ya gari la shangazi imechakaa kwa namna nzuri, na usukani umekwanguka pale mikono yake ilipozoea kushika. Rangi mpya ingeyameza hayo. Ningeweza kutengeneza mgongo tu, vizingiti na sakafu, na kuiacha sura kama ilivyo. Kwa gari ambalo kutu yake ni ya juu, ningemshauri mtu yeyote afanye hivyo na asithubutu kupiga rangi. Ila kwa letu, kazi ya mgongo ndiyo karibu kazi yote. Kuhifadhi kunataka kuwe na kitu kilichosimama cha kuhifadhiwa.

Swali lililobaki lilikuwa langu mimi, na ni hili ambalo naona watu wanaliruka: unapenda gari, au unapenda kazi ya gari? Ni mapenzi mawili tofauti na hayakai lazima kwa mtu mmoja. Fundi bodi wangu hapendi hata kuendesha. Akimaliza kazi anatamani gari liondoke alete lingine. Mimi napenda kuendesha. Nikishika msasa robo saa naanza kukumbuka simu ambazo sijapiga. Mtu wa namna yangu akilivua gari bolti zote, atalirudisha nusu, kisha litakaa kwenye maboksi mpaka mtu mwingine alirithi, na gari lililo kwenye maboksi ni kitu cha mwisho ambacho mnunuzi anataka kukiona. Hajui kama kila kitu kipo, na huwa hakipo.

Hukumu yangu ni kwamba kuna uamuzi wa tatu, unaochukuliwa na wengi kuliko ile miwili, nao ni wa kungoja. Gari linafunikwa nailoni "kwa muda" mpaka pesa zipatikane. Nailoni inafungia unyevu. Usiku gari linatoa jasho, mchana linajipika. Ni afadhali liachwe wazi chini ya paa lenye upepo kuliko kuvishwa kanzu ya plastiki. Anayengoja ameuza tayari, ila mnunuzi ni kutu na bei ni sifuri. Kama ni kuuza, uza mapema, likiwa bado lina kitu cha kumpa mwenzio.

Nikaenda kwa shangazi kumwambia nimeamua kuliuza. Nilikuwa nimejiandaa kwa maelezo marefu. Aliuliza kitu kimoja tu: nitaliuza kwa mtu wa kulitengeneza au kwa mtu wa kulichinja? Nikamwambia sitalikata vipande, ingawa najua vioo, taa, gia na viti kimojakimoja vingeweza kuingiza zaidi ya gari zima. Akaitikia na kurudi kwenye redio yake.

Kuuza nako kuna kazi yake. Ukweli kwanza: hakuna kupaka puti na rangi ya haraka. Mnunuzi anayejua atashtuka, na asiyejua atakuja kuumia barabarani. Pesa kidogo uliyo nayo ipeleke kwenye kuiwasha injini, kwa sababu injini inayowaka humwondolea mnunuzi hofu kubwa kwa gharama ndogo. Yetu iliwaka, ikakohoa moshi wa yale mafuta niliyotia, ikatulia. Kusanya kila kipande kilichotoka, hata kile kibonyezo cha dirisha usichojua ni cha upande gani. Tafuta hati. Piga picha za uozo kwa mwanga mzuri, kwa ukaribu, nyingi kuliko za usukani. Waliokuja kupoteza muda wangu walipungua sana baada ya picha hizo, na waliobaki walikuwa watu wa maana. Mmoja tayari ana 504 yenye bodi nzima isiyo na injini, mwingine ana mashine ya kuchomelea na watoto wawili wa kiume anaotaka kuwafundisha kazi. Wa pili ameahidi kurudi na gari la kuvuta.

Tangazo bado lipo juu mpaka afike, na liko hivi:

"Peugeot 504 ya familia, viti saba, mwisho wa miaka ya 1970, mmiliki mmoja. Injini inawaka na haigongi. Gia zinaingia. Breki hazijajaribiwa barabarani, usije ukitegemea kuliendesha. Vizingiti vyote viwili vimeoza, sakafu ya mbele imeoza, kona za buti zimeoza. Sehemu za shokapu ni nzima, njoo uone mwenyewe. Vioo vyote vipo, taa zote zipo, hati zipo. Halivunjwi, linauzwa zima. Anayetaka gia peke yake asinipigie."